Shimo kwanza, mche baadaye

Semina za Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la Kenya, zilianza kwa malalamiko. Wakulima, wengi wao akina mama, waliketi wakaombwa kutaja shida zao, na kila shida iliyotajwa iliandikwa. Kijito kimekauka. Kuni siku hizi ni safari ya nusu siku. Watoto wamekonda ilhali shamba limejaa kahawa. Mvua ikinyesha, udongo wote unaishia mtoni. Vijana wanashinda sokoni bila kazi. Watu walisema mpaka wakamaliza.

Ndipo likaja swali: shida zote hizi zimeletwa na nani?

Jibu halikuwa na mjadala mrefu. Serikali.

Hawakuwa wakisema uongo. Kenya ya wakati huo ilikuwa nchi ambamo kipande cha msitu wa umma kiliweza kupata mwenyewe mpya kwa amri kutoka juu. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mbele ya macho ya waliopanga mlolongo mrefu. Kuilaumu serikali hiyo nyumbani kulikuwa kawaida ya kila mtu. Kuilaumu hadharani kulihitaji moyo. Maathai aliilaumu hadharani kuliko wengi wa rika lake. Hata hivyo hakukubali semina iishie hapo, kwa sababu aliona kwamba mtu akishaitaja serikali huinuka, akakung'uta nguo na kwenda zake, kana kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo aliwaletea mfano wa basi. Mtu ametoka kwake anataka kufika mahali fulani, akapanda basi lisilo lake. Amefikaje humo? Washiriki walijibu wenyewe. Labda hakuuliza. Labda aliuliza, akadanganywa. Labda hajui kusoma kibao. Labda alikuwa amelewa. Labda alisukumwa ndani kwa nguvu, au aliogopa kuonekana mshamba. Sababu hizo ni tofauti sana, na nyingine si kosa la msafiri hata kidogo. Lakini aliyekwisha kugundua kwamba basi silo, akaendelea kukaa kitini akimtukana dereva, huyo sasa ana jambo la kujibu. Kisha mazungumzo yalirudi shambani. Udongo unaochukuliwa na maji ni wa shamba la nani? Makinga maji hayajachimbwa na nani? Ule mti uliokatwa pale kando ya kijito, serikali ndiyo iliyoshika panga?

Mwanzoni, kwa masimulizi yake mwenyewe, watu hawakupenda kuambiwa hivyo. Nani angependa?

Nimeyaanzia mbali haya kwa sababu mazungumzo yetu ya mabadiliko yamegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana. Kundi la kwanza linasubiri uchaguzi. Kila baada ya miaka mitano tunabadilisha sura, tunabadilisha rangi za fulana, tunajikuta pale pale, na tunaanza kuhesabu miaka mingine mitano. Kundi la pili limekimbilia kwa wahamasishaji: badili fikra zako, amka saa kumi alfajiri, sema na kioo, na umaskini utakuogopa. Kundi la kwanza halimdai mwananchi chochote zaidi ya kura. La pili halimdai mtawala chochote kabisa. Maathai alisimama mahali ambapo makundi yote mawili yangeona tabu kusimama. Alisema mabadiliko ya nchi huanzia ndani ya mtu, halafu akaonyesha kwamba mtu akibadilika kweli, wa kwanza kukosa usingizi ni mtawala.

Yeye mwenyewe hakuzaliwa na fikra hizo. Alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, Nyeri, akasomeshwa na masista, akapelekwa Marekani kwa masomo ya biolojia, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Angeweza kumaliza maisha yake katika maabara ya Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa na heshima zake zote, na hakuna ambaye angemlaumu. Kilichomtoa humo ni kupe. Alikuwa akitafiti ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na ili kuwapata ilimbidi aende mashambani. Huko aliona jambo ambalo hakutumwa kulitafuta: ng'ombe waliokonda, nyasi haba, na mito iliyobeba matope mekundu kila mvua iliponyesha. Wakati huohuo, katika vikao vya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wenzake wa mashambani walikuwa wakieleza kwamba kuni zimekwisha, kwamba mashamba ya chakula yamegeuzwa ya chai na kahawa, na kwamba mama asiye na kuni huwapikia watoto kile kinachoiva haraka, si kile kinachowajenga.

Msomi mwingine angeandika ripoti. Jibu la Maathai lilikuwa fupi mno hata likaonekana la kitoto: mbona tusipande miti?

Alijaribu kwanza kwa njia ya kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, na ikafa. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda miche saba pamoja na wenzake wa Baraza katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo panapohesabiwa kuwa chanzo cha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Miaka iliyofuata haikuwa ya shangwe. Mwaka 1979 mahakama ilivunja ndoa yake. Alipomkosoa hakimu wa kesi hiyo alihukumiwa kifungo, akakaa ndani siku chache. Mumewe hakutaka aendelee kulitumia jina lake, naye akaongeza herufi moja, Mathai akawa Maathai, na ndivyo dunia ilivyokuja kumjua. Mwaka 1982 aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kwa hoja ya usajili wa wapiga kura, na aliporudi kuomba kazi yake, ilikuwa imekwisha kupata mtu. Akiwa amevuka miaka 40 hakuwa na mshahara wala nyumba ya chuo. Alikuwa na vitalu vya miche.

Hapo kwenye vitalu ndipo pa kukaa kidogo, maana wengi wanaolisimulia vuguvugu hili huruka moja kwa moja kutoka Kamukunji hadi Tuzo ya Nobel, wakaiacha kazi yenyewe katikati.

Maafisa wa misitu waliambiwa kwamba akina mama wa vijijini watapanda miti kwa mamilioni, wakacheka. Kupanda miti, walieleza, ni taaluma. Kuna vyeti vyake, kuna vipimo vya kina cha mbegu na mwelekeo wa jua. Maathai, mwenye vyeti kuwazidi, aliwaambia akina mama waachane na vipimo hivyo. Mbegu za maharagwe na mahindi mmezipanda tangu utoto bila cheti. Hizi nazo ni mbegu. Wakaokota mbegu chini ya miti ya kienyeji iliyobaki. Waliokosa vifaa walitumia vyungu vilivyovunjika na mikebe iliyotobolewa kwa msumari, wakaviweka juu mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Aliyegundua njia nzuri akamwonyesha jirani. Baadaye aliwaita maafisa wa misitu wasio na diploma, na jina hilo halikuwa la mzaha.

Kazi ilikwenda kwa hatua kumi zilizoandikwa. Kikundi kinaundwa, kinatafuta eneo la kitalu, kinatoa taarifa za maendeleo, kinatangaza kwa majirani kwamba miche iko tayari. Hatua inayonivutia ni ile inayofuata. Jirani anayetaka miche hapewi kwanza. Anakwenda kuchimba mashimo shambani kwake. Wanakikundi wanakuja kuyakagua: yapo? yamekwenda chini vya kutosha? Mashimo yakikubalika, ndipo miche inatolewa. Na kazi haiishii hapo. Baada ya muda wanarudi kuhesabu iliyoshika na iliyokufa, kisha wanarudi tena miezi kadhaa baadaye. Malipo, ambayo yalikuwa ya senti tu kwa kila mche, yalilipwa kwa mche uliokuwa hai.

Ukitaka kujua Maathai alimaanisha nini aliposema mabadiliko huanzia ndani, usitafute katika hotuba zake. Tazama shimo hilo. Hakumuuliza mtu kama ameamini, wala hakumtaka anyooshe mkono na kutoa ushuhuda. Alimtaka achimbe. Aliyechimba kabla ya mvua, bila kuwa na uhakika wa kupata mche, tayari amekuwa mtu mwingine kuliko yule aliyekaa semina nzima akisema serikali, serikali. Na anayejua kwamba jirani atarudi kuhesabu, hamwagilii kwa ajili ya picha. Mabadiliko ya moyo kwake yalikuwa na kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa mikononi mwa majirani, si mikononi mwa mkubwa wala mhubiri.

Linganisha na maadili yaliyofundishwa kutoka juu miaka hiyohiyo. Nchi nzima iliimba Amani, Upendo na Umoja. Watoto waliimba shuleni, wakubwa waliimba kwenye mikutano, na yeyote aliyeuliza swali aliambiwa anavuruga amani. Hayo nayo yalikuwa mafundisho ya kubadili mioyo, tena yenye redio, shule na jukwaa. Kasoro yake ni kwamba yalimdai anayefundishwa peke yake. Waliofundisha umoja walikuwa wakigawana misitu.

Kitu ambacho vitalu viliondoa, polepole, ni woga. Mama aliyedharauliwa na afisa wa misitu kisha akaona mti wake umempita urefu hawezi kudharauliwa tena kirahisi. Alikwisha kupata ushahidi kwamba mwenye cheti anaweza kukosea, na kwamba yeye asiye na cheti anaweza kuwa sahihi. Baada ya hapo huwezi kumzuia asiulize mambo mengine. Semina zilizoanza na udongo zikafika kwenye kura, kwenye katiba, kwenye ardhi ya umma. Serikali iliona mapema zaidi kuliko wafadhili kwamba miti ile ilikuwa siasa.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala kinataka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, bustani kubwa ambapo mkazi wa Nairobi asiye na kitu angeweza kulala kwenye nyasi Jumapili bila kulipia. Maathai aliandika barua, kwa ofisi moja baada ya nyingine. Wabunge waliacha shughuli nyingine wakamjadili yeye, wakamcheka kwa talaka yake. Rais Moi alisema wanaopinga mradi wana wadudu kichwani. Vuguvugu likafukuzwa katika ofisi ya serikali ambayo lilikuwa likiitumia, likahamia nyumbani kwake South C. Lakini wafadhili wa nje waliingia baridi, jumba halikujengwa, na mapema mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Mwezi wa Februari mwaka huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula kwenye kona ya bustani hiyohiyo, Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walikuja na marungu na gesi. Baadhi ya akina mama wale, watu wazima wenye wajukuu, walivua nguo mbele ya vijana wenye silaha, na kila Mkenya anajua uzito wa kitendo hicho. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 wana wao walikuwa wameachiliwa, karibu wote.

Kisha Karura. Msitu huo ulio ndani ya jiji, wenye hekta zipatazo 1,000, ulikuwa umeanza kugawiwa wajenzi binafsi. Vuguvugu lilikwenda na kile lilichokijua: miche. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikuta genge la walinzi langoni, wakapigwa, naye akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi na kuandikisha taarifa, akaitia saini kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo waliingia barabarani, na Agosti mwaka huo Rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni mahali ambapo watu wa Nairobi hukimbia asubuhi na kupeleka watoto. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile.

Sasa kuna hoja dhidi ya haya yote, na ni hoja nzito. Kumwambia maskini kwamba mabadiliko yaanze kwake kunaweza kuwa njia ya kiungwana ya kumwambia kwamba umaskini ni kosa lake. Mkulima wa kahawa anaweza kuchimba makinga maji kwa unyoofu wa rula, lakini bei ya kahawa haipangwi shambani kwake. Kijana anaweza kuacha pombe, akaamka alfajiri, akasali, na bado nafasi ya kazi ikaenda kwa mpwa wa mkurugenzi. Wahamasishaji wa siku hizi wamejaza kumbi kwa kulikwepa jambo hilo, na baadhi ya wahubiri nao. Wanasiasa wanawapenda watu hao, na wana sababu: mwananchi anayejilaumu mwenyewe kwa kila kitu hana muda wa kukagua hesabu za kaunti.

Nikimsoma Maathai katika kumbukumbu zake za mwaka 2006, sioni kwamba alianguka kwenye mtego huo, na sababu ni ile orodha. Hakuifuta. Baada ya mfano wa basi, shida zilizoandikwa zilibaki pale pale, ila sasa ziligawanyika: hizi tunaweza kuanza nazo wenyewe kesho, hizi ni za kudai kwa wenye mamlaka, na hatutaacha kudai. Kufanya sehemu yako hakukuwa badala ya kudai. Ndiko kulikompa mtu uso wa kudai. Aliyepanda miti kwenye kingo za mto anaweza kusimama mbele ya ofisa aliyeuza msitu wa chanzo cha mto huo na kumwangalia machoni. Aliyekata yake hawezi, na ofisa anajua.

Nadhani kitu cha aina hiyo kilionekana tena katika maandamano ya Juni 2024. Vijana wa Kenya hawakuanza na mawe. Walianza kwa kuusoma Muswada wa Fedha wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa video fupi katika Kiswahili na lugha za nyumbani, ili mama mboga ajue kodi ipi inamhusu. Wazazi wao, na naandika kama mmoja wa rika hilo, tulizoea kungoja kiongozi wa kabila atufasirie. Watu waliuawa, na hilo halifidiki kwa hoja yoyote ya gazetini. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Yaliyofuata yamekuwa mchanganyiko, kama ilivyo kawaida, lakini kizazi kinachojisomea muswada hakirudi kirahisi kwenye kusomewa.

Nisimfanye Maathai malaika, wala wafuasi wake. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka bungeni kwa asilimia 98 ya kura. Mwaka 2004, alipopewa habari za Nobel akiwa njiani kwenda huko, alipiga magoti akapanda mti Nyeri. Mwaka 2007 Tetu hiyohiyo ilimnyima tiketi ya chama, akagombea kwa chama kidogo cha mazingira, akashindwa. Tuzo haikusaidia kitu. Huenda walikuwa na sababu zao. Wapiga kura hawalazimiki kumlipa mtu kwa sifa alizopata Oslo. Lakini kushindwa huko kunaonyesha kwamba moyo wa watu haubadilishwi mara moja ukawekwa kabatini, na ndiyo maana ile hatua ya kurudi kuhesabu ilikuwa katika hatua kumi tangu mwanzo. Alifariki Septemba 2011 kwa saratani, na kwa wosia wake jeneza halikuwa la mbao. Lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miche milioni 100, sehemu ya shabaha ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mawaziri walivaa buti, kamera zilikuwepo, miche ilitolewa bure kwa aliyefika. Ni jambo jema, na silikejeli. Ninalo ombi moja tu kwa wizara inayohusika. Siku kama hiyo ikitangazwa tena, mashimo yakaguliwe kabla, na miezi mitatu baadaye tupewe siku nyingine ya mapumziko, mawaziri na buti zao, ya kwenda kuhesabu iliyo hai.